Misumari Mitano Ukutani kwa Mama Nyangi

Simu iliita wakati nachambua mchele, na kwa kuwa namba ilikuwa ngeni sikuipokea. Ndivyo nilivyo. Namba nisiyoijua kwangu ni ya tapeli mpaka nipate uhakika, na mara nyingi hata huo uhakika siutafuti. Ikaita mara ya pili na ya tatu, kisha ukaingia ujumbe: Mzee Mwita Sasi amefariki, msiba uko Itiryo, mama amesema uambiwe. Niliusoma nikiwa nimesimama na ungo mkononi. Naona aibu kulisema hili, lakini kilichonijia kwanza hakikuwa huzuni. Nilijiuliza namba yangu wameipata wapi, na kwa nini niambiwe mimi, mtu niliyemfukuzisha marehemu kijijini kwetu tukiwa vijana. Nikahisi kuna mtego. Nikakaa na ujumbe ule siku nzima, nikaupika ule mchele ukaungua chini, na kesho yake asubuhi nikapanda basi la Tarime.

Safari ya kutoka Dar es Salaam mpaka Mara ni ndefu na humpa mtu nafasi ya kujihoji. Miaka yangu ya kazi nimeimalizia mbele ya kompyuta, nikiandika programu za chini kabisa, zile ambazo mtumiaji hazioni ila zikiharibika. Humo ndani kuna kitu tunachokiita nyuzi. Uzi mmoja ni mtenda kazi mmoja, na kompyuta inaweza kuwa na nyuzi kadhaa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Kumuumba mtenda kazi mpya kwa kila kazi inayokuja ni gharama, kwa hiyo huwa tunatengeneza kikosi cha nyuzi chache, nne au nane, zinakaa tayari, na kazi zinapangwa foleni. Uzi ukimaliza kazi moja unarudi kwenye foleni kuchukua inayofuata. Hakuna anayekaa bure wakati mwenzake amezidiwa. Vijana niliowafundisha walikuwa wanaandika mambo haya kwenye madaftari yao kana kwamba yameletwa na meli juzi. Nilikuwa nawaangalia nikinyamaza, maana mimi kikosi changu cha kwanza nilikiunda na maksai.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, mwaka wa pili tangu watu wahamishwe na kupangwa mistari, upande wa Nyambureti. Mimi Bhoke nilikuwa nimetoka shule ya bweni na kidato cha nne mkononi, nikapewa kazi ya ukarani wa kijiji. Asubuhi nilikuwa napanga kazi za watu, na alasiri nilifundisha kisomo cha akina mama. Ofisi ilikuwa bado msingi tu, majani yameanza kuota ndani yake, kwa hiyo mwenyekiti akaomba chumba kimoja kwenye nyumba ya Mama Nyangi kiwe stoo na ofisi kwa muda. Mama Nyangi alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo iliyosikika hata ukiwa nje ya boma. Chumba chenyewe kilinukia dawa ya mbegu, ngozi za kufungia nira na maziwa ya mgando, maana vibuyu vyake vya maziwa havikuhamishwa, alisema chumba ni cha kijiji lakini ukuta ni wake. Kulikuwa na dirisha moja dogo lisilo na ubao, na mlango unaofungwa kwa kamba. Kati ya ofisi na chumba chake cha kulala kulikuwa na ukuta wa udongo usiofika juu, na mchana kutwa nilisikia wanawake wakizungumza upande wa pili. Hapo ndipo nilipojifunza kusikiliza, na nikisikiliza sana huwa naanza kushuku. Wakicheka nilidhani wananicheka mimi na gauni langu la shule. Wakinyamaza ndiyo nilizidi kuwa na hakika.

Kijiji kilikuwa na plau nne na jozi za maksai wa kuzitosha, na mashamba ya kaya ishirini na nne ya kulimwa kabla mvua haijakaza. Msimu uliotangulia waligawa sawasawa, kila kundi mashamba sita, wakaona wametenda haki. Kundi lililopata udongo mwepesi lilimaliza mapema likakaa kivulini linakunywa togwa, na kundi lililoangukia udongo mweusi wa kule ng'ambo ya kijito likahangaika mpaka mbegu za watu zikachelewa. Kuongeza makundi haikuwezekana, na hata kama plau zingekuwepo, kumfundisha ng'ombe nira si kazi ya asubuhi moja. Nikafikiria wiki nzima. Kisha nikavunja kibuyu kizee cha Mama Nyangi vipande ishirini na nne, nikavitoboa, nikavichoma namba kwa waya wa moto, kila shamba na namba yake. Nikapigilia misumari mitano kwenye kibao kilichofungwa ukutani, karibu na dirisha ambako kulikuwa na mwanga. Msumari wa kwanza ulibeba vipande vyote kwa mpangilio, namba moja ikiwa nje kabisa. Misumari minne iliyobaki ilikuwa ya makundi manne. Kundi likimaliza shamba, kiongozi wake anakuja, anatoa kipande kilicho mbele kwenye msumari wa kwanza, anakitundika kwenye msumari wa kundi lake, anaenda kulima shamba la namba hiyo. Wakimaliza wananiletea habari, nami nakiondoa, nakitia kwenye kopo la chai, naandika kwenye daftari kundi gani lilifanya. Foleni ilikuwa moja, na kila aliye tayari alichukua kazi inayofuata.

Wazee walilicheka jambo lile siku ya kwanza. Wiki ya pili hawakucheka, kwa sababu makundi yote manne yalikuwa shambani kila siku na hakuna aliyekaa kumngoja mwenzake. Mwenyekiti alikuja kukiona kibao changu na wageni wawili, akasimama mbele yake mikono nyuma kama mtu anayeangalia picha ya harusi. Akasema kumbe elimu ina faida. Siku ile Mama Nyangi alinipikia ugali wa mtama na mboga ya mgagani iliyolala kwenye maziwa, nikala mpaka nikafungua kifungo, nikajiona mtu. Nikasikia kupitia juu ya ukuta mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwamba mtoto yule ana akili lakini ana macho ya polisi. Nililichukua neno lile kama sifa.

Kundi la tatu liliongozwa na Mwita Sasi. Alikuwa kijana bado, mpole, mwenye mkono mzuri na ng'ombe, anawasemesha kwa sauti ya chini na wanamsikia. Alikuwa amemuoa Weisiko, binti wa Mama Nyangi. Hapo msomaji wa kwetu ameshaelewa tatizo, na asiye wa kwetu nitamweleza. Kwetu mkwe haingii nyumbani kwa mama mkwe wake. Wakikutana njiani mmoja anapita pembeni, na kumtazama mama mkwe ndani mwake ni jambo la kuchinjiwa mbuzi na wazee kukaa. Mimi nililijua hilo tangu natambaa. Lakini nilipopigilia misumari yangu ndani ya nyumba ile sikufikiria hata kidogo kwamba mmoja wa viongozi wangu wanne hawezi kuvuka kizingiti. Mwita hakulalamika. Akawa anamtuma Weisiko, ambaye kila asubuhi alikuja kumletea mama yake maziwa. Weisiko anahamisha kipande, anatoka. Akitumwa kusema wamemaliza, anasema wamemaliza. Namba haisemwi, na mimi sikuiuliza, kwani msumari si ulikuwa unasema?

Isipokuwa mimi nilikuwa mtu wa kushuku, na Mwita alinipa cha kushuku. Kundi lake lilikuwa linamaliza haraka kuliko mengine, na yeye hakuwahi kuonekana ofisini. Mtu asiyekuja ofisini ana nini cha kuficha? Nilianza kumchunguza. Jioni moja, jua bado liko juu ya vilima, nilikuwa natoka mtoni na ndoo nikamwona ameinama dirishani kwa Mama Nyangi, kiganja juu ya macho, anachungulia ndani. Alikaa pale muda wa mtu kusoma neno moja. Halafu akageuka akaondoka kwa hatua ndefu, hakuniona. Nilisimama na ndoo yangu kichwani nikijiambia, nimekukamata. Nikaamini anachungulia foleni aone shamba gani jepesi linakuja, ili apange kumaliza kwake wakati wa lile. Wala sikumwambia mtu. Nililiweka neno lile, kama mtu anavyoweka kisu kwenye paa la nyumba.

Baada ya siku kama tisa alikuja Ghati. Ghati alikuwa mjane mwenye watoto wanne, shamba lake ni namba kumi, lile la mbali ng'ambo ya kijito. Alinisalimia vizuri, akauliza zamu yake itafika lini, mvua ya kwanza imeshapita. Nikafungua daftari kwa kujiamini nikamwambia shamba lake limelimwa, wiki nzima sasa, na kundi la tatu. Ghati akaniangalia kwa huruma.

"Labda hilo la kwenye daftari, mwanangu," akasema. "Langu mimi lina majani mpaka hapa."

Tulikwenda wote. Majani yalikuwa mpaka pale alipoonyesha, kiunoni. Hakuna mfuo wa plau hata mmoja. Namba tisa, upande huu wa kijito, lilikuwa limelimwa vizuri, udongo umegeuka wote. Nikarudi nimevaa tope hadi magotini na moyo unanidunda, na nakiri nusu ya mdundo ule ilikuwa furaha ya kuthibitisha. Nikamwita kiongozi wa kundi la pili, Chacha Marwa, ambaye kipande cha tisa kilikuwa kwenye msumari wake. Akasema, tisa nimelima mimi, binti, uliza yeyote. Nikatuma mtu kwa Mwita aseme alilima nini wiki ile. Jibu lilirudi kupitia kwa Weisiko: alilima tisa. Wanaume wawili, shamba moja, na la kumi halina aliyelilima. Mmoja alikuwa anasema uongo, na kipande cha kumi kilitoka kwenye msumari wa Mwita. Sasa tatizo langu lilikuwa nini tena?

Mkutano uliitishwa haraka kwa sababu kulikuwa na wageni wa wilaya wanatarajiwa, na mwenyekiti hakutaka wakute shamba la mjane lina majani halafu aulizwe yeye. Neno hujuma lilikuwa linatembea sana miaka ile. Ng'ombe akifa ni hujuma, koleo likipotea ni hujuma. Watu walikaa nje ya stoo, wanaume upande huu na wanawake kule, Mama Nyangi akiwa katikati ya wanawake na kanga yake mabegani. Chacha alisema lake kwa kifua. Mwita alisimama akasema, "Nililima tisa. Nilianza alfajiri, nikamaliza siku ya pili. Sijui zaidi." Mwenyekiti akamuuliza kwa nini basi kipande cha kumi kilikuwa kwenye msumari wake. Akatazama chini. Akasema hajawahi kukiona.

Nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. Nikaeleza mpango wangu tangu mwanzo, misumari, foleni, kopo, nikasema mpango huu haukosei, kipande hakina miguu, kikitoka hapa kimechukuliwa na mtu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Ningekaa hapo pengine mambo yangeishia kwenye faini ya siku za kazi. Lakini nilikuwa na kisu changu kwenye paa. Nikasema, "Na huyu ndugu nilimwona kwa macho yangu, jioni, anachungulia dirishani kwa Mama Nyangi."

Mimi nilimaanisha kibao. Naapa nilimaanisha kibao. Lakini nilichosema mbele ya kijiji kizima ni kwamba mwanaume amechungulia chumbani kwa mama mkwe wake. Mama Nyangi alipandisha kanga yake ikafunika kichwa na uso, akainuka, akaingia ndani, tukasikia kamba ya mlango ikifungwa. Mwita alikuwa bado amesimama. Nilimwona akimtafuta mkewe kwa macho kule kwa wanawake, akampata, akamtazama muda mrefu, na kisha akaketi. Mwenyekiti alimuuliza kama ana la kusema. Akatikisa kichwa.

Wazee walilichukua lile la dirisha, kamati ikachukua lile la shamba. Mbuzi alichinjwa. Mwita akanyang'anywa plau, ikapewa mtu mwingine ambaye maksai hawakumzoea, na kundi la tatu likalegea mpaka mwisho wa msimu. Akina mama tulimsaidia Ghati kwa majembe ya mkono, tukapanda kwa kuchelewa, mtama wake ukatoka mfupi na mwaka ule watoto wake walikula kwa majirani kwa zamu. Kabla ya mavuno Mwita na Weisiko walifunga vyombo wakahamia Itiryo, kwa baba zake. Siku wanaondoka nilikuwa ofisini. Upande wa pili wa ukuta Mama Nyangi alikuwa analia kwa ile sauti yake ndogo, nami nikajifanya nahesabu magunia. Tangu siku ile mgagani sikuuona tena, ilikuwa ugali na chumvi, na mwisho wa mwaka nikaomba masomo nikaondoka. Watu walisema nimeenda kuwa mtu mkubwa. Nilijua nimekimbia, ila sikujua hasa nakimbia nini, kwa sababu nilikuwa bado naamini nilisema kweli.

Nilikuja kujua nikiwa na nywele nyeupe tayari, kazini, kwa ajili ya hitilafu moja iliyotusumbua mwezi mzima. Tulikuwa na kikosi cha nyuzi nane na foleni ya kazi, na mara moja kwa siku kadhaa kazi moja ilifanywa mara mbili na nyingine ikapotea, wakati kumbukumbu zote zinaonyesha kila kitu kimekamilika. Vijana wakalaumiana. Kila mmoja alimshuku mwenzake, na mimi kama kawaida yangu niliwashuku wote. Mchana mmoja nikakaa peke yangu na kikombe cha chai, nikaipitia programu mstari kwa mstari, nikaona. Uzi wa kwanza unaangalia mbele ya foleni, unaona kazi namba fulani, unakwenda kuianza. Kuitoa kwenye foleni inafuata baadaye, hatua nyingine kabisa. Katikati ya kuangalia na kutoa, uzi wa pili unakuja, unaona ile ile, unaitoa. Uzi wa kwanza ukirudi kutoa, unatoa iliyo mbele sasa, ambayo ni nyingine, na hakuna atakayeifanya tena milele. Dawa yake ni kufuli: anayeangalia ndiye anayechukua, hapo hapo, kwa mkono ule ule, na mwingine asiingie mpaka huyu ametoka. Anayeangalia ndiye anayechukua. Chai ilinipoa mkononi. Niliona dirisha lisilo na ubao, na kijana ameinama, kiganja juu ya macho.

Alichungulia akaona tisa, kwa sababu kuingia hakuweza. Akaenda moja kwa moja kusogeza ng'ombe wake karibu na lile shamba ili aanze alfajiri, akamwachia mkewe neno: asubuhi ukipeleka maziwa, hamisha kile cha mbele. Jioni ile ile, yeye ameshaondoka, Chacha akaingia mlangoni kama watu wengine, akachukua tisa. Asubuhi Weisiko akaja na kibuyu chake, akahamisha cha mbele. Cha mbele kilikuwa kumi. Namba alikuwa hajui. Na nani alijua kwamba hajui namba? Mimi. Nilikuwa namfundisha mwenyewe alasiri, tulikuwa bado kwenye herufi. Chacha naye alikuwa na maksai aliyevimba mguu, hilo nalikumbuka kwenye daftari langu, akapumzika siku mbili, alipofika namba tisa akakuta limeshalimwa. Ndiye pekee aliyesema uongo, na uongo wake ulikuwa wa kunyamaza akapokea kazi ya mwenzake. Mwita alisema kweli tupu. Kijiji kizima nilikishuku, hata vibuyu vya Mama Nyangi. Kitu kimoja tu sikukishuku, misumari yangu.

Niliirekebisha ile programu mchana ule ule, mistari minne. Itiryo sikwenda.

Msibani Itiryo nilifika saa tisa alasiri. Turubai limefungwa kwenye migomba, vijana wanapasua kuni, Kiswahili chao kimechanganyika na cha Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Kesho yake, kabla ya kuzika, nilisimama mbele ya waombolezaji nikaeleza habari yote nikisema kosa ni langu, wazee wawili watatu wakainamisha vichwa, vijana wakaniangalia kama bibi aliyepotea njia, maana kati yao hakuna aliyewahi kusikia kwamba babu yao alifukuzwa mahali. Lakini hayo yalikuwa ya kesho yake. Siku ya kufika nilipelekwa nyuma ya nyumba, jikoni, ambako Weisiko alikuwa ameketi mkekani amenyoosha miguu, mbele yake ungo wa maharage ya kupikia wageni. Mfiwa hatakiwi kufanya kazi, lakini alikuwa amekataa kuachia ule ungo. Nilimpa pole. Akanipa nafasi mkekani. Wanawake wengine walitupisha, na mimi nikashuku wameambiwa watupishe.

Tulichambua pamoja. Kisha nikaanza, maelezo yangu nimeyanyoosha tangu kwenye basi. Nikapanga maharage kwenye ungo, hili ni msumari wa kwanza, hizi ni namba, huyu Mwita anaangalia, huyu Chacha anachukua. Nilipofika kwenye asubuhi ya maziwa, mkono wangu ukasita. Yote haya miaka yote nilikuwa nayaona yanamsafisha Mwita. Sikuwahi kuona kwamba yanamwangukia nani. Weisiko aliangalia lile harage, akalichukua kwa vidole viwili, akalihamisha mwenyewe.

"Hapa ndipo nilipokuja mimi," akasema.

Nikamwambia haraka kwamba si yeye, aliyepigilia misumari ni mimi, aliyejua kwamba hasomi namba ni mimi. Akanyanyua mkono nikanyamaza.

"Alijua siku ile ile, Bhoke. Tulipotoka mkutanoni aliniuliza, ulihamisha kipi? Nikasema cha mbele, kama ulivyoniambia. Akakaa chini. Akasema, basi funga mdomo. Wakisema ni mimi, tutahama, mimi nina kwetu. Wakisema ni wewe, utahamia wapi? Pale ndipo kwenu." Akapepeta ungo kidogo, mapumba yakaruka. "Wewe ulijua lini?"

Ningeweza kusema juzi. Hakuna ambaye angejua. Nikamwambia kweli, kwamba imepita miaka ishirini na kidogo.

Hakukasirika, au kama alikasirika hakunionyesha. Alinitazama kama Ghati alivyonitazama mbele ya daftari. Nikaanza kujitetea, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikijitetea, nikasema sikuwa na namba yao ya simu, wala sikujua nianzie kwa nani.

"Sisi tulikuwa na yako," akasema. "Mtoto wa kaka yako alitupa, huu mwaka wa nne. Mwita alikupigia. Alipiga siku ya kwanza, akapiga na siku nyingine, na hata mwezi uliopita akiwa kitandani alisema nimpigie tena. Hukupokea."

Nikauliza alitaka nini. Hata pale, Mungu anisamehe, niliuliza kwa sauti ya mtu anayeshuku.

"Alitaka kukueleza ilivyokuwa," Weisiko akasema. "Alisema, yule msichana ana akili sana. Akielezwa vizuri, ataelewa."